Mchanga Uliofunga Banio la Ruvu

Binamu yangu Mwanahamisi alinipigia simu kwamba mafuriko yameisha, lakini mfereji wa mashamba ya mpunga umekaribia kukauka. Miche yake ilikuwa bado kitaluni, inapitiliza siku za kupandikizwa. Mimi kukaa mahali pamoja kunanishinda, na mfereji ule niliuogelea nikiwa mwanafunzi. Nikawasha pikipiki kutoka Dar.

Saa moja asubuhi nilikuwa Kerege, nikanywa chai na vitumbua. Mama muuzaji alinishauri nivue viatu mapema, njia ya bondeni ina tope. Sikumsikiliza. Nilipopita Bagamoyo na kuteremka bondeni, tope lilinivua kimoja.

Saa nne nilifika kwenye banio, ukuta wa zege unaoukinga mto ili maji yaingie mferejini. Mdomo wa mfereji ulizibwa na kilima cha mchanga, na wakulima kama ishirini walikuwa wakiuchota kwa makarai. Mwanahamisi aliutazama mguu wangu.

"Mgeni kaja na nusu pea. Shika karai, kaka."

Tulichota mpaka adhuhuri, na kila tulipochota mchanga mwingine uliporomoka. Chande, mtunza milango ya banio, alinieleza kosa lilipoanzia. Wakati wa mafuriko wakulima walimkataza kufungua mlango wa chini, ule unaoachia maji na mchanga uendelee na mto, wakihofia maji yao yataishia baharini bure. Maji yakatulia nyuma ya mlango, na mchanga wote yaliobeba ukatua hapo. Sasa alitaka kuufungua, mto ukiwa bado na nguvu.

Watu wakanuna. Hata maji kidogo yaliyokuwa yakipenya mferejini yangekatika. Wakamgeukia Mwanahamisi, kwani miche yake ndiyo iliyokomaa kuliko ya wote.

"Ikishindikana, mbegu nyingine sina," alisema. Kisha akamwambia Chande, "Fungua, mjomba. Kwa makarai haya tutazeekea hapa."

Chande akazungusha gurudumu. Maji yalitoka mekundu kwa udongo, na kilima kikaanza kumeguka pande kwa pande. Alasiri akafunga. Maji yakapanda polepole, yakaingia mferejini yakisukuma majani makavu.

Kesho yake tulipandikiza kutwa nzima. Miche ya pembeni ilikwisha kuwa njano, hiyo tuliitupa.

Jioni nikarudi Dar peku, mgongo unauma. Miaka yote nilidhani kazi ya banio ni kuzuia tu. Kumbe lazima pia lijue kuachia.

Wiki iliyofuata Mwanahamisi alipiga: miche imeshika. Mto ulikuwa unapanda tena, na Chande yuko mlangoni anafungua. Wakulima wenyewe ndio waliokwenda kumwita.