Mkaratusi wa Kanisani

Okeyo alitoka ziwani akaja Kericho kuchuma majani ya chai, lakini mgongo wake ulikikataa kikapu. Akahamishiwa genge la kupogoa miti kando ya barabara za shamba, na huko akajua kazi ambayo wengi walidhani ni kuparamia na panga tu. Kufikia mwaka 1995 alikuwa amejitegemea, akiishi Roret, akipunguza matawi ya migrevilea, miti iliyozidisha kivuli kwenye chai ya watu na kuondoa matawi makavu juu ya mabati. Kipruto, mtu mzima wa maneno machache, ndiye aliyemshikia kamba.

Mkewe, Adoyo, aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Meza yake ilipakana na ya Rodah, mama Mkipsigis aliyeuza maziwa na mboga.

Alasiri moja ya Aprili, mvua ya mawe ilimkuta Adoyo njiani akitoka sokoni. Akajikinga chini ya mkaratusi wa kanisa. Tawi likakatika, likamwangukia, akafa palepale.

Okeyo alikuwa Mogogosiek, juu ya mti mwingine. Habari zilimfikia Kipruto chini. Akamwita mwenzake ashuke, na hakusema sababu mpaka miguu ya Okeyo ilipogusa ardhi.

Walimzika Adoyo nyumbani, ziwani. Watu wakilia, Okeyo alikuwa akibeba viti. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani huyu hana machozi?" Okeyo alimsikia. Akaweka kiti chini, akaenda kuchukua kingine.

Aliporudi Roret watu walimpa pole, naye akaitikia kama mtu anayejibu salamu za njiani. Alipika ugali, akala, akaosha sufuria. Hakuona tofauti kati ya kushiba na njaa.

Johana, mzee wa kanisa, alimfuata nyumbani na kofia mkononi.

"Fundi, tumeamua ule mti ukatwe kabisa. Lakini uko katikati ya kanisa na nyumba ya pastor, na waya za stima ziko hapo. Hakuna mwingine tunaweza kumwamini. Ukikataa, hakuna mtu atakulaumu."

"Nitakuja," Okeyo akasema.

Kipruto alijaribu kumzuia njiani. "Mzee, hii wachia wengine."

"Ni kazi tu, Kipruto. Shika kamba."

Akapanda mpaka pale tawi lilipovunjikia. Alipapasa kidonda kwa vidole. Mti ulikuwa mweupe ndani, mgumu, bila uozo, bila mchwa. Tawi lilikuwa limerefuka mno na kubeba majani yake yote kwenye ncha, kisha mawe yakaliongezea uzito. Basi, hakukuwa na zaidi. Alikaa pale akingoja hasira ije. Haikuja. Akagonga matawi mengine kwa mpini wa panga, akisikiliza kama kuna lililo tupu ndani. Akashuka, akakagua mizizi.

"Mti ni mzima," akamwambia Johana. "Ukipunguzwa vizuri utasimama. Mkiukata ni sawa pia, ni wenu."

Johana alimtazama sana. "Na wewe? Utaweza kupita hapa kila siku ukiuona?"

"Mimi nimewaambia hali ya mti."

Wazee wakaongea kando, wakakubali upunguzwe. Okeyo alianza na matawi marefu. Kila tawi alilikata kwanza kidogo kutoka chini, ili lisichane gome likianguka, kisha akalikata kutoka juu, na Kipruto akaliteremsha polepole kwa kamba. Kipande kilichobaki alikiondoa karibu na shina, lakini akaacha ule uvimbe ulio shingoni mwa tawi, kwa sababu hapo ndipo mti hujifunga kidonda wenyewe. Kilele hakukigusa. Mti uliokatwa kichwa huchipua matawi dhaifu. Mwisho alisawazisha pale palipovunjika. Kipruto, huko chini, ndiye aliyegeuza uso.

Rodah alisimama kwenye ua wa kanisa, ndoo ya maziwa mkononi.

"Shemeji, ni ukweli? Huu mti umeua Adoyo na wewe unautengeneza?"

"Ndiyo, Rodah."

"Hata hukuukasirikia?"

Okeyo alifikiri, maana swali lilikuwa la haki. "Nimejaribu," akasema.

Rodah aliondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo, akimwona sokoni aliangalia kando. Okeyo hakuumia, na hilo pia alilijua, kama mtu anayejua mguu wake umekufa ganzi kwa sababu haoni maumivu unapogongwa.

Mwezi wa nane mvua ya mawe ilirudi, ikachana majani ya chai mpaka vilima vikawa vyeusi. Mkaratusi uliyumba, haukuangusha hata tawi moja. Kesho yake Rodah alikuja na chupa ya chai. Mti hakuutaja. Alimimina chai, akaketi, akaanza kueleza jinsi Adoyo alivyomwigiza mteja mmoja aliyenusa omena na bado akataka kuongezewa: alivyobana pua, alivyozungusha shingo, alivyomfuata nyuma akitembea kama yeye mpaka soko zima likacheka.

Okeyo alishika kikombe bila kunywa. Kicheko hakikuja, wala kilio.

"Hapo pa kumfuata nyuma," akasema mwishowe. "Hebu rudia."

Rodah akarudia.