Bafle za Kashebere

Harufu ya waya iliyoungua hunirudisha Kashebere, katika nyumba tuliyopewa tulipokimbia vita vya Masisi. Wenye nyumba nao walikuwa wamekimbia, wakaacha bafle mbili, spika kubwa za muziki, sebuleni. Papa aliziunga kwenye betri ya gari na televizyo ya jirani, waya zikanuka kuungua, tukaketi chini kuangalia filme. Risasi za kwanza zilipolia ndani ya bafle, Mama alikuwa tayari mlangoni, amefunga mtoto mgongoni.

“Mama ya batoto, iko filme tu,” Papa akamwambia.

“Mimi nimechoka kukimbia. Zima ile sauti.”

Papa akachomoa waya. Tukaendelea kuangalia picha, naye akawasemea watu wa kwenye filme polepole, maneno ya kubuni. Askari walioelekezeana bunduki wakawa wanaulizana habari za maharagwe shambani.