Mafiga ya Bibi Ernestina

Bibi Ernestina wa Fridley hajawahi kula pilau la mtu mwingine bila kutia neno. Watanzania wa huku ng'ambo wakiwa na shughuli hawaulizani nani apike, wanampigia simu yeye. Alifua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu, baridi ya nchi hii imemkuta na imemwacha, na mkono wake wa viungo ni uleule aliotoka nao Usangi, kule Upare. Kusoma hajui sana. Kuelekezwa ndiko hataki kabisa.

Basi safari hii aliyewaalika ni Irene, binti wa mwenzao, marehemu Elihuruma. Binti huyu kasomea mambo ya kale, kazi ya kuchimba ardhi taratibu na kujua watu wa zamani waliishije. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekabidhiwa mahali pake mwenyewe: duara la mawe la kale, juu ya kilima upande wa Inver Grove Heights, pale unapouona mto Mississippi kwa chini. Ruhusa aliipata kwa Wadakota, wenye nchi hii tangu zamani za zamani, nao walimpa sharti moja tu. Jiwe lisisogezwe. Likisogezwa, kazi imetoka mikononi mwake. Alitaka watu wake wapaone kabla hajaanza kupima.

Jumamosi wakafika. Irene akawapeleka kwanza ukingoni kutazama mto na kusikiliza habari. Bibi Ernestina akabaki chini, kwenye maegesho ya magari, palipo na sehemu ya kuwashia moto. Hotuba hazijazi tumbo, alisema.

Damas, mwenyekiti wa umoja wao, mhasibu wa Plymouth, alikuwa ameleta jiko la gesi. Likakataa kuwaka.

"Bibi, jiko limegoma."

"Jiko limegoma au wewe hujui kuliwasha? Haya, nenda kasikilize hotuba. Niachie."

Bibi akatazama huku na huku. Kuni zilikuwapo, matawi makavu ya mialoni. Mafiga hayakuwapo. Akapanda kilima polepole, goti likilalamika, mpaka akaona mawe yamezama nusu katika nyasi ndefu. Akachagua matatu yanayolingana, akayang'oa kwa mwiko wake wa chuma, akayashusha moja moja kifuani kama mtoto. Muda si mrefu sufuria ilikuwa inachemka.

Kule ukingoni Irene alikuwa amenogewa na hotuba yake.

"Wakulima wa kizungu waliokuja baadaye walisema mawe haya hayahesabiki," alikuwa akisema. "Ukizunguka mara ya pili, hesabu inakataa. Wengine wakadai ni wasichana waliocheza ngoma siku ya Jumapili, wakageuka mawe."

"Basi kwaya yetu ingekuwa mlima sasa hivi!" Damas akasema, na watu wakacheka.

"Hizo ni hadithi walizokuja nazo kutoka kwao. Ninavyodhani mimi, mawe haya yalikandamiza pindo za hema la ngozi, upepo usilichukue. Mlango ulitazama jua linakotokea. Watu wakihama walibeba ngozi na nguzo, mawe wakayaacha palepale, wakirudi wanajenga juu yake. Sina hakika bado, ndiyo maana nataka kupima. Njooni muone."

Wakaja. Irene akanyoosha mkono kuonyesha, kisha akaushusha. Katika nyasi mlikuwa na mashimo matatu, udongo wake mbichi. Na kutoka chini ilikuwa inapanda harufu ya pilau.

Alishuka mbio. "Bibi, mawe haya umeyatoa wapi?"

"Huko juu. Mawe mazuri haya, hayapasuki. Kaa, mwanangu, nyama inaiva."

Irene akakaa, lakini chini, kwenye vumbi. Akamweleza yote: hema, sharti, kazi yake. Sufuria ikaepuliwa. Mawe yalikuwa meusi tayari.

"Hakuna kilichoharibika," Damas akasema, keshashika koleo alilolitoa kwenye gari. "Tunayaosha kwa sabuni, tunayarudisha, tunasawazisha udongo, tunapanga nyasi. Nani atajua?"

Macho ya Irene yalikuwa kwenye lile koleo, na Bibi Ernestina akaona kwamba binti anaelekea kukubali.

Bibi alikuwa na mafiga yake kule Usangi. Mama mkwe alimwekea siku alipoingia nyumbani kama mke, na siku yeye Bibi alipoondoka kuwafuata wanawe ng'ambo aliyaacha kwenye majivu yake, akamwambia shemeji yake: uza mbuzi, uza hata bati, hayo usiyaguse. Mpaka leo yapo. Sasa yeye huyohuyo kang'oa nyumba ya mtu.

"Damas, weka hilo koleo chini."

"Bibi, nataka kumsaidia mtoto."

"Nimekwambia weka chini!"

Akapanda tena kilima, akasimama mbele ya mashimo, kanga kaifunga kiunoni. "Mtu asije akafukia hapa. Nimeng'oa mimi, kwa mwiko wangu. Irene, wapigie simu wenyewe."

"Wataniondoa, Bibi."

"Watanikuta mimi hapa kabla hawajakugusa wewe. Piga."

Irene akapiga. Wengine wakala pilau kwa aibu, wakimtupia macho. Damas akampelekea kiti, akakikataa.

"Utaumwa mgongo, Bibi."

"Mgongo ni wangu."

Akaja mama mmoja wa Kidakota, msimamizi wa maeneo ya kale ya watu wake. Hakutabasamu. Alipiga magoti, akaingiza mkono katika kila shimo, akapapasa kingo zake taratibu, kisha akauliza nani kafanya hivi.

Bibi hakusubiri Irene atafsiri. Swali lenyewe lilionekana usoni. "Ni mimi. Niliona mawe, sikuona nyumba. Sikuuliza, na ilinipasa niulize. Binti huyu hakujua lolote, alikuwa anafundisha. Mwambie hivyohivyo, Irene, usipunguze."

Irene akasema yote. Yule mama akazungumza kwa kirefu.

"Anasema mashimo hayajabomoka," Irene akatafsiri. "Kila moja bado lina umbo la jiwe lake, na ndani kuna udongo wa zamani ambao haujaguswa. Tungefukia, pangekuwa pamepotea kabisa. Moto hautawashwa tena karibu na kilima hiki. Watu wake watakuja Alhamisi kuyarudisha mawe kwa utaratibu wao, yakiwa na masizi yake. Kwa kuwa hatukuficha, mimi naendelea na kazi, ila niandike kila kitu kama kilivyotokea." Akamgeukia Bibi. "Na anataka uwepo, Bibi, uonyeshe jiwe lipi lilitoka wapi."

"Alhamisi nina daktari wa goti," Bibi Ernestina akasema. "Mwambie nitakuja. Daktari atanipangia siku nyingine."