Urea katika Moyo wa Mahindi

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliogopa mvua isinyeshe, na niliogopa inyeshe. Miaka ile ya sabini nilikuwa nimetoka chuoni, nikapelekwa kijiji kimoja karibu na Mbalizi kuwa bwana shamba. Kijiji kilikuwa kimeandika barua kikitaka niseme ipi kati ya mbolea mbili za kukuzia mahindi ina faida zaidi, SA, yaani salfeti ya amonia, au urea. Kabla ya kuondoka nyumbani Mlandege, Iringa, nilikuwa nimepiga hesabu hizo mpaka karatasi ikatoboka kwa kufutwa. Mfuko mmoja wa urea unatosha eneo kubwa, lakini ikikosa unyevu inapotea hewani. SA haina haraka hiyo, ila mifuko inakuwa mingi na udongo unachachuka. Mvua ikikata je?

Nikachagua urea. Shamba la kujaribia lilikuwa la mama mmoja mjane mwenye watoto wanne. Hakuwa na shamba jingine. Nilimkabidhi mfuko nikamwambia, "Mama, hiki ndicho chakula cha mahindi. Kila shina, kizibo kimoja cha soda." Kisha nikaitwa mkutanoni Mbeya mjini.

Niliporudi nilimkuta na wifi yake shambani, wakidondosha punje nyeupe ndani ya moyo wa kila mmea, pale majani machanga yanapochomoza, vilevile wanavyotia majivu kuua funza.

Niliwakimbilia. "Mama, siyo huko! Chini, kwenye udongo!"

"Si ulisema chakula?" wifi akanijibu. "Wewe bwana shamba unakula kwa miguu?"

Walicheka. Mimi sikuweza. "Itaunguza mimea," nilisema.

Kicheko cha mama kikakatika. "Yote?"

Sikujua. Mawingu yalikuwa yakishuka mlimani. Mvua kubwa ingeziosha zile punje; manyunyu yangeziyeyusha palepale juu ya majani machanga. Na saa zile tulizoea manyunyu.

Tukaanza kukung'uta. Unashika mmea, unauinamisha, unagonga kwa vidole. Nilivunja wa tatu, nikavunja na wa saba.

"Polepole, baba," wifi akasema, "hiyo si shingo ya jogoo wa Krismasi."

Manyunyu yalitukuta hatujafika nusu. Mama hakusimama. Aliendelea kuinamisha mimea ambayo punje zake zilikwisha kuwa maji, akiniuliza bila kunitazama, "Na huu je? Na huu?"

Kila asubuhi niliamkia kwake. Majani yalikuwa meupe kama karatasi, na kila nilipoyatazama niliwaona wale watoto mwakani, ghala tupu. Siku ya kumi mama alinishika mkono, akafunua kwa kucha moyo wa mmea ulioungua. Ndani jani la kijani lilikuwa likisukuma.

"Huu utaishi?"

"Utaishi."

"Na ile?" Alionyesha mistari mitatu ya bondeni, iliyokuwa imeoza.

"Ile hapana, mama. Kosa ni langu. Nilisema tu, sikukuonyesha."

Nikaanza kutunga kichwani barua ya kuacha kazi. Kisha mama akaninyooshea jembe dogo.

"Pale nitapanda maharage. Mfuko bado una mbolea. Haya, nionyeshe inafukiwa wapi. Kwa mikono, siyo kwa mdomo."

Nilipiga magoti kwenye tope, nikachimba kando ya shina la kwanza. Mama akachuchumaa karibu, akaingiza kidole katika shimo langu kupima kina.