Damu ya Mtani

Siku niliyoanza kazi, ndani ya maabara ya hospitali ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe, walikuwepo Daktari Mkuu, Fundi Maabara, Mama Ruth aliyekuwa muuguzi wa wodi ya watoto, Mihayo mbeba machela, mdogo wangu Zaina akiwa mgongoni kwangu, na mimi. Nawataja wote kwa sababu wote wametangulia, nimebaki mimi tu wa kusema kwamba walikuwepo.

Kusema kweli sikwenda kutafuta kazi. Nilimpeleka mgonjwa. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Baba na mama walikuwa wamefariki kwa kufuatana, nami kwa kuwa mkubwa niliacha shule darasa la nne nikawalea wadogo zangu, Rajabu na Zaina. Zaina alikuwa na macho ya manjano, vidole vyake huvimba, na maumivu ya mifupa yakimshika hulia mpaka sauti inakauka. Kwetu Kwedizinga majirani walisema mtoto yule alibemendwa, yaani wazazi walishindwa kuvumiliana akiwa bado ananyonya. Maneno yale yaliniuma sana. Waliosemwa walikuwa kaburini, hawakuweza kujibu.

Fundi Maabara alimtoboa Zaina kidole, akaweka tone la damu juu ya kioo. Akalichanganya na dawa ya kuondoa hewa kwenye damu, akalifunika kwa kioo kingine chembamba, akaziba kingo kwa nta. Tukasubiri. Kisha akainama kwenye hadubini, akaniita.

"Njoo uone, binti. Chembe ya damu ya mtu mzima wa afya ni duara, kama andazi lililobonyezwa katikati. Hizi unazionaje?"

"Zimepinda kama mundu."

"Ndiyo jina lake hilo. Zikipita kwenye mishipa myembamba zinakwama, kama takataka za mkonge zinavyoziba mfereji. Hapo ndipo mtoto analia."

"Amezipata wapi?"

"Kwa wazazi. Kila mmoja alimpa nusu. Mwenye nusu moja haumwi, wala hajui kama anayo. Nusu mbili zikikutana ndani ya mtoto, ndiyo haya."

Nilimuuliza, "Kwa hiyo hawakumbemenda?"

Alivua miwani akanitazama. "Hawakufanya kosa lolote, binti. Walioana tu."

Nimefanya kazi ya maabara maisha yangu yote, nimesikia majibu mengi yakisomwa. Sijasikia lililonipumzisha kama lile.

Lakini damu ya Zaina ilikuwa imepungua mno, na ilitakiwa aongezewe siku hiyo hiyo. Hakukuwa na akiba ya damu kama sasa, ulikuja na ndugu yako akalala kitandani akatoa. Yangu ilipimwa, haikupatana na yake. Mihayo alikuwa amesimama mlangoni na machela yake. Alikuja Tanga kama manamba, kibarua wa mkataba wa kukata mkonge, kutoka Unyamwezini.

"Wewe binti kabila gani?"

"Mzigua."

"Ah. Basi huyo mtoto ni mali yangu. Fundi, nitoboe mimi."

Vijana wa leo mna utani wa mpira tu, kwa hiyo nieleze. Wanyamwezi walipita nchi yetu wakiwa wapagazi, wabeba mizigo ya misafara, tangu enzi za mababu, na kati yetu na wao kuna utani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kuku wako, na ukifiwa ndiye anayekuja kukuchekesha na kukuzika. Damu ya Mihayo ilipatana. Aliposhuka kitandani amebana pamba mkononi nilimshukuru, akakataa.

"Shukrani ni za wageni. Hili ni deni. Na deni la damu halilipwi kwa kuku, Mzigua. Siku nikihitaji utaleta mkono wako."

"Nitauleta, mpagazi."

"Na mtoto akianza kuongea Kinyamwezi usinilaumu."

Daktari Mkuu aliniambia Zaina atarudi hospitali tena na tena. Nikamwambia kama ni hivyo afadhali nibaki, anipe kazi yoyote. Jioni ile nilikuwa nimeshika beseni naosha vioo.

Kazi ilikuwa hivyo kwa muda mrefu, kuosha vioo. Fundi alikuwa akisema, "Kioo kichafu kinadanganya, na daktari atatibu uongo." Baadaye alinifundisha kutandaza damu, kuipaka rangi, kutafuta vimelea vya malaria, kutambua mayai ya minyoo ya safura. Niliyakariri kwa macho, maana vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Siku moja nilimwuliza Daktari Mkuu kwa nini watoto wachanga wa ugonjwa ule huwa wazima, kisha huanza kuugua wakifikisha miezi kadhaa.

Akasema, "Mtoto huzaliwa na damu ya tumboni. Ile haipindi. Baadaye mwili unaifunga na kufungua ya kwake, na ya kwake ndiyo mbovu."

"Na ile ya tumboni haiwezi kufunguliwa tena?"

"Ungejua mlango wake ulipo ungekuwa daktari kuliko mimi." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu aliyechoka kuwaambia akina mama habari mbaya.

Zaina alikua. Alikuwa mdogo kuliko umri wake, lakini alikua, akasoma mpaka darasa la saba, jambo ambalo mimi sikulipata. Mihayo alimwita "damu yangu" mbele ya watu, na wageni walidhani ni mwanawe.

Baada ya Azimio la Arusha mashamba yakawa ya taifa. Daktari Mkuu alirudi kwao, bei ya mkonge ikashuka, na chupa za dawa zikaanza kuwa tupu kabatini. Watu walipohamishiwa vijijini zahanati mpya zilihitaji watumishi, na Mganga wa Wilaya akanipangia kijiji kimoja Handeni, ndani kutoka Kabuku.

Nilimwambia, "Bwana Mganga, nina mgonjwa. Huko hakuna damu."

"Kila mtu ana mgonjwa, mama. Kijiji kizima hakina hata wa kupima malaria."

Alisema kweli, nami nilikwenda. Nilikaa dirishani na hadubini ya kioo, ile unayoigeuza mpaka ikamate mwanga wa jua. Mawingu yakitanda kazi inasimama. Zaina alikuwa nami, akiwafundisha watu wazima kusoma.

Mvua za masika ndizo zilizomwangusha. Nilimpaka mafuta, nikamnywesha maji mengi, nikampa vidonge vya maumivu, yale yote niliyofundishwa. Macho yake yakageuka manjano, kisha midomo ikawa myeupe. Tulimlaza kwenye lori la kijiji twende Korogwe. Njia ilikuwa tope tupu. Hatukufika.

Tulimrudisha Kwedizinga. Sijui nani alimpelekea Mihayo habari. Alifika wakati jeneza linataka kutoka ndani, akalala chini kukingama mlangoni.

"Hapiti mtu. Humo ndani mna damu yangu."

Wazee wakasema, "Mtani, chukua kuku utupishe."

"Sitaki kuku. Mnafukia mali yangu na mdaiwa amejifunika khanga. Yuko wapi Mzigua?"

Nikatoka. Watu walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja, na mimi pia. Nikasema, "Nitalipa mimi, mpagazi. Niko hai."

"Mmesikia wote?" Akainuka, akakung'uta vumbi, akashika mbele ya jeneza kwa ile mikono ya machela. Hakuliachia mpaka kaburini.

Nilifanya kazi zahanati nyingine mbili tatu, wakubwa wakaja na kuondoka, hadubini za umeme zikaja. Nilistaafu nikahamia hapa Manundu, Korogwe mjini. Mihayo alifariki kwa uzee, ghafla, bila kuhitaji chochote kutoka kwangu. Nilikwenda msibani nikiwa nimejiandaa kulala mlangoni kama yeye. Magoti yalikataa. Nilikaa na wanawake nikalia kama mtu wa kawaida.

Mjukuu wake, Neema, ana ugonjwa ule ule. Siku zile mchangiaji hakupimwa mundu, kwa hiyo hatujui kama Mihayo mwenyewe alikuwa na nusu. Siku hizi Neema anakunywa vidonge ambavyo sisi hatukuwa navyo, na amefika umri ambao Zaina hakuufikia. Ndiye aliyenisomea kwenye simu kwamba wataalamu wa nchi za mbali wanachota chembe za mgonjwa kutoka kwenye uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa, wanakata kipande kidogo cha vinasaba, kisha wanazirudisha mwilini. Kipande kile ndicho kilichokuwa kinaifunga damu ya tumboni. Sasa inafunguka. Wagonjwa wanaamka bila maumivu.

"Bibi, umenisikia?"

"Wamepata mlango," nikasema. Ilibidi nimweleze habari za Daktari Mkuu kutoka mwanzo.

Lakini mlango huo haujafika Korogwe, na Neema alipolazwa juzi alihitaji damu kama Zaina. Nilivaa gauni langu zuri nikaenda. Yangu inapatana na yake. Nilikunja mkono wa gauni, nikamwambia muuguzi atoboe.

"Shikamoo, bibi. Una umri gani?"

Nikamwambia. Akanishusha mkono wa gauni taratibu, kama unavyomvisha mtoto. "Bibi yangu, sheria haituruhusu. Hii uliyonayo inakutosha mwenyewe."

Nikampigia simu mjukuu wa mdogo wangu Rajabu, akaja akatoa. Neema alipopata nguvu nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda.

"Bibi Mzigua, babu aliniambia ukija mikono mitupu nisikukaribishe."

"Nimeleta kijana wetu."

"Huyo katoa ya kwake, na mimi nitamdai yeye sasa. Ya kwako bado."

"Bado, mtani," nikasema.