Ndege ya Saruji Pale Nkowe

Kabla hujaanza kunicheka, nikwambie kabisa kwamba mimi si mtu wa kuona majini. Miaka mingi najenga makaburi, kuanzia Nachingwea mjini mpaka Mkotokuyana, na sijawahi kusikia hata mtu akikohoa humo ndani. Wafu ni wateja wazuri, hawakusimamii. Haya yaliyonipata Nkowe, upande wa Ruangwa, yalinipata saa saba mchana, jua linawaka, na sikuwa nimeonja hata tone la gongo. Ulikuwa mchana, nisikilize.

Aliyeniita kazini ni Bibi Skola, mjane wa Kapteni Severini. Huyu Severini alirusha ndege za kivita wakati wa Vita vya Kagera, akastaafu, akarudi kulima korosho, akafa kimya kimya. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakuwa msimuliaji. Picha zake zililiwa na mchwa, magwanda yakaliwa na panya. Kwa hiyo kijiji kizima kikashika maneno ya Mzee Bakari, mtani wa ukoo ule, kwamba marehemu alikuwa dereva wa lori la jeshi. Na watani wa kwetu unawajua. Mzee Bakari alikuwa ametangaza kwamba siku ya kubariki kaburi, Jumamosi, atalala juu yake na hatanyanyuka mpaka aonyeshwe huyo rubani.

"Fundi," Bibi Skola aliniambia, "nimechekwa miaka yote. Nijengee ndege juu ya mume wangu. Jumamosi anakuja mwenzake kutoka Dar es Salaam, rubani kama yeye. Akikuta kituko hapa, mjukuu wangu, nitaingia humo humo nimfuate."

Sasa mimi nimekulia jirani na kiwanja cha ndege cha Nachingwea. Unadhani nilimuuliza mtu ndege ya kivita inafananaje? Niulize, mimi? Nikasuka nondo, nikaifinyanga ndege yenye mabawa yaliyonyooka na pangaboi kubwa puani. Nilijipongeza mwenyewe, kweli tena.

Alhamisi mchana wenyeji walikuwa mashambani wanaokota korosho. Nimeinama peke yangu, nimetoka kulainisha sakafu ya kuzunguka kaburi, mara nasikia mtu anacheka. Si cheko la kutisha, ni cheko la mtu anayefurahi. Nageuka, namwona mzee mwembamba, shati la bluu, amesimama na viatu vyake juu ya sakafu yangu mbichi. Nilitaka kumkaripia, umri wake ukanizuia. Nikasema shikamoo.

"Marahaba, fundi. Hilo pangaboi la nini? Marehemu anaona joto?"

Nikanuna. Nikamwambia ndege ni pangaboi. Akacheka mpaka akashika magoti.

"Ile ilikuwa jeti, baba. Haina pangaboi. Puani ina mdomo wazi, hivi, inameza upepo. Na mabawa yanalala nyuma kama ya mbayuwayu." Alikuwa ananionyesha kwa mikono, anaipinda, anaipaisha. "Halafu bawa la kushoto, hapa nchani, bonyeza kwa dole gumba."

"Nibonyeze? Wataniita fundi mbovu!"

"Bonyeza tu."

Nikainama kuchukua nyundo. Nainua kichwa, hayupo. Nikatazama huku na huku, halafu nikatazama chini. Ndugu yangu, mimi kuku akipita kwenye sakafu mbichi najua ni kuku wa nani. Mzee mzima alisimama pale, akajikunja kwa kicheko, na sakafu haina hata alama moja. Ungefanya nini? Mimi nilikimbia. Nilifika barabarani nikapanda bodaboda ya kwanza. Kijana akaniuliza, wapi? Nikamwambia, popote.

Tulikuwa tumekwenda mbali kidogo nilipoukumbuka uso wa Bibi Skola. Nikamwambia kijana ageuze. Nilirudi, nikavunja lile pangaboi, nikafungua mdomo puani, nikayajenga mabawa upya. Bawa la kushoto nikalibonyeza kwa dole gumba huku nimefumba macho.

Jumamosi padri alinyunyiza maji, akafunga kitabu chake, na hapo hapo Mzee Bakari akapanda juu ya kaburi akalala chali ubavuni mwa ndege. "Nionyesheni rubani!" anapiga kelele. "Au mlete lori!" Watu hoi kwa kicheko. Bibi Skola peke yake hakucheka.

Mgeni wa Dar es Salaam, mzee wa mkongojo, alikuwa anaizunguka ndege. Alipofika bawa la kushoto akaligusa, akasimama.

"Fundi, nani alikwambia habari za bawa hili?"

"Kuna mtu alipita," nikasema.

Akavua kofia, akawageukia watu. "Wakati wa vita nililigonga bawa la ndege ya Severini kwa lori la mafuta. Hakuna aliyenituma, ulikuwa ujeuri wa ujana. Likabonyea hapa hapa. Severini akawaambia wakubwa ni yeye. Nikapandishwa cheo mimi, yeye akaachwa. Mafundi wakalitengeneza, akaruka nalo mpaka vita ikaisha. Ukweli wake tulijua wawili tu. Nilimwahidi kwamba siku moja nitasema, sikusema." Sauti ikamkatika. "Dereva wa lori ni mimi. Rubani ndiye huyu mliyemlalia."

Mzee Bakari akafungua jicho moja. Akanyanyuka, akajikung'uta vumbi, akasimama wima na kulipigia kaburi saluti. Aliipiga kwa mkono wa kushoto, lakini hakuna aliyecheka.

"Haya, mtani," akasema, "umenishinda."

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika mpaka kijiji cha Narung'ombe.

Baadaye Bibi Skola alinivuta nyuma ya jiko. "Huyo aliyepita, alivaaje?"

"Shati la bluu, Bibi. Kifungo cha pili hakipo."

Akashika mdomo. "Nilimzika nalo. Nilisema nitakishona, watu wakaniharakisha. Alilalamika?"

"Hapana, Bibi. Alikuwa anacheka tu."

Akalia na kucheka kwa pamoja, akiwa ameushika mkono wangu. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

Tangu hapo nimekuwa fundi wa polepole. Kila kaburi naliacha siku nzima kabla ya kulimalizia, nakaa pembeni saa saba mchana nimpe mwenyewe nafasi ya kunisahihisha, huku naomba asitokee. Wateja wananung'unika. Na wewe, kama nyumbani una mzee aliyepigana vita, au aliyefanya kazi yoyote ambayo hujawahi kumuuliza, kamuulize leo, tena uandike. Ukimwacha aondoke na habari zake, itabidi arudi kuzieleza mwenyewe. Na hatakuja kwako uliyelala ndani. Atanijia mimi kazini, na moyo wangu huu hauwezi mara ya pili.