Mwanamke wa Mlangoni

Krrrp! Mpaka leo nausikia mlio wa kalenda kuukuu ikikunjuliwa mbele ya darasa letu la tano, pale Bagamoyo. Wenzangu wa rika langu mnaijua ile karatasi ngumu inayong'aa, tuliyojaladia madaftari mwaka ukiisha. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akikata maandishi yote, akibakiza picha tu. Kisha huuliza, "Huyu nani, na anataka nini?" Tukishamaliza kubishana, tunaigiza.

Siku hiyo picha ilikuwa ya mwanamke aliyetugeuzia mgongo, kajitanda kanga, furushi mkononi, kasimama mbele ya mlango uliofungwa. Basi sisi roho juu! Mmoja akasema kaachika huyo, mwingine akasema mganga. Mimi kilichoniwasha ni ndani: nyuma ya mlango ule kuna nani?

Mwalimu akanifanya mwenye nyumba. Mgeni akawa Mwajuma, aliyehamia kwa shangazi yake kutoka Mkange. Tangu aje alikuwa hafungui kinywa, maana likimponyoka neno la Kizigua, darasa zima linamwiga. Mlango wetu ulikuwa kanga, wasichana wawili wameishika huku na huku.

Akapiga hodi, sauti kama ya mbu. Nikanyamaza, najiona fundi: wacha watazamaji wahangaike kidogo. Akapiga ya pili, nikabana kicheko. Ya tatu ikatoka inatetemeka. Na sisi sote tumefundwa nyumbani, hodi ya tatu usipoitikiwa, geuka urudi ulikotoka. Mwajuma akageuka, akachukua mfuko wake wa madaftari, akaenda zake. Darasa likapiga makofi, likidhani ndio mchezo wenyewe.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa pia. Nilipomsimulia bibi, aliacha kukuna nazi. "Mjukuu wangu, hata karibu unamnyima mtu?" Jioni akaenda mwenyewe kwa yule shangazi, akarudi na habari kwamba mtoto atakuja Jumatatu, ila anaogopa.

Siku hizi mdogo wangu anaona picha mia kwenye simu kabla hajanywa chai. Anazisukuma kwa kidole, hajiulizi nani kasimama wapi. Namcheka, halafu namwonea huruma. Sisi picha moja ilitunyima raha wiki nzima.

Jumatatu ile niliwahi kabla ya mtu yeyote. Dawati la Mwajuma lilikuwa la nyuma kabisa, alikuwa analikalia peke yake. Nikahamisha madaftari yangu, nikayapanga upande mmoja. Upande wake nikaufuta vumbi kwa kiganja, nikakaa.